Daktari wa Jicho Moja na Ramani ya Uvimbe

Mengo, 1897: walioona bila kuunganisha

Hospitali ya Mengo ilianzishwa mwaka 1897 kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, na Albert Cook, daktari mmisionari kutoka Uingereza. Cook alikuwa mtu wa kuandika. Wagonjwa wake waliwekewa kumbukumbu, na maneno yalipokuwa hayatoshi alichora. Zaidi ya nusu karne baadaye wataalamu wa patholojia wa Makerere waliyafukua madaftari hayo, wakakuta humo michoro ya watoto waliofura taya.

Basi ugonjwa huu haukuzuka siku ulipopewa jina. Ulikuwapo miaka yote, na madaktari waliuona, ila kila mmoja aliona upande wake. Aliyeshughulika na meno aliona taya. Wa macho aliona jicho lililosukumwa nje ya tundu lake. Aliyepasua tumbo alikuta figo au ovari zimegeuka mabonge, na mwingine aliletewa mtoto ambaye miguu yake ilipooza ghafla. Kila uvimbe uliandikwa kwa jina lake na kuwekwa kwenye faili lake.

Leo tunajua kwamba wote walikuwa wakitazama ugonjwa mmoja: saratani ya limfosaiti B, zile seli nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Katika saratani zote za binadamu, hakuna inayokua upesi kuliko hii. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na mtoto aliyekuwa akicheza mwanzoni mwa mwezi akawa mahututi kabla mwezi haujaisha.

Enniskillen hadi Lira, 1911–1948

Mtu aliyekuja kuviunganisha vipande hivyo alizaliwa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland, mwaka 1911. Denis Burkitt alikuwa mtoto wa mhandisi wa barabara ambaye baada ya kazi aliwavisha ndege wa bustanini pete miguuni, kisha akachora ramani za mipaka ya himaya zao. Mimi sipendi kumtafutia kila mtu mkubwa chanzo cha ukubwa wake utotoni. Lakini hili la baba mchora ramani ni gumu kulipita kimya.

Akiwa na umri wa miaka 11, katika ugomvi wa kurushiana mawe na wanafunzi wengine, jiwe lilimvunja miwani na akapoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi Trinity College, Dublin, kisha akahamia udaktari na kufuzu mwaka 1935. Alikuwa Mkristo wa imani kali, aliyesadiki kwamba ameitwa kufanya kazi Afrika. Alipoomba nafasi katika utumishi wa makoloni alikataliwa: mpasuaji mwenye jicho moja atafanya nini? Jeshi halikuwa na uchaguzi mkubwa wakati wa vita. Lilimpokea mwaka 1941, likampeleka Kenya, Somalia na Ceylon. Vita vilipokwisha, wakubwa wa makoloni nao wakalegeza masharti, na mwaka 1946 akapangiwa Lira, wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda.

Lira alikuta wanaume wengi wenye mabusha. Mpasuaji mwingine angewapasua akaendelea na orodha yake. Burkitt aliwapasua, na pia akamuuliza kila mmoja anatoka wapi. Aliona kwamba wengi walitoka mashariki mwa wilaya, na magharibi tatizo hilo lilikuwa nadra. Watu wa mwambao wanaojua matende na mabusha hawatashangaa kusikia kwamba nyuma yake kulikuwa na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu. Burkitt aliandika makala kuhusu mtawanyiko huo, na akatoka Lira na zoea la kuuliza swali moja ambalo watu wa maabara hawakuwa wakiliuliza: wapi? Mwaka 1948 alihamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala.

Watoto wawili, 1957

Siku moja mwaka 1957, Hugh Trowell, daktari wa Mulago aliyejulikana kwa utafiti wake wa kwashakoo, alimwita Burkitt amtazame mtoto wa kiume wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuelewa. Maambukizi ya mfupa hushika upande mmoja, na saratani ya kawaida huanzia mahali pamoja. Hii imeanzaje pembe nne kwa mkupuo?

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, akipita wodini na madaktari wa huko. Alipotazama nje ya dirisha alimwona mama ameketi kwenye majani na mtoto mwenye sura ileile. Alitoka mbio kwenda kumpima, na chini ya mikono yake akahisi mabonge tumboni pia. Baadaye alieleza mantiki yake kwa ufupi: kisa kimoja ni kioja, viwili ni jambo la kufuatilia.

Alirudi Mulago kwenye kumbukumbu za hospitali. Akapekua faili za watoto waliokufa kwa saratani, faili za taya, za figo, za ini, za macho. Alichokiona ni kwamba mtoto mwenye uvimbe wa taya mara nyingi alikuwa na uvimbe mwingine ndani ya mwili, na vimbe hizo zilikwenda pamoja kwa namna inayojirudia. Mwaka 1958 alichapisha makala katika jarida la upasuaji la Uingereza akiuita ugonjwa huo sarkoma ya taya. Hakuna aliyeshtuka. Jina lenyewe halikuwa sahihi, na wenzake wa patholojia Kampala, hasa Gregory O'Conor na Jack Davies, ndio walioonyesha chini ya darubini kwamba ni limfoma, saratani ya seli za damu.

Pini ukutani na Ford kuukuu, 1958–1961

Burkitt aliomba fedha za utafiti akapata jumla ya pauni 25. Kwa hizo alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa na maswali machache, akazituma hospitali za serikali na za misheni barani kote. Majibu yalipokuja alichomeka pini kwenye ramani. Pole pole ukatokea mshipi unaokatisha Afrika kwa upana, kaskazini na kusini mwa ikweta, wenye mkia unaoteremka pwani ya mashariki hadi Msumbiji.

Lakini ramani ilikuwa na matobo. Nyanda za juu za Kenya, Rwanda na Burundi ziko katikati kabisa ya mshipi, na huko ugonjwa ulikuwa nadra. Majibu ya barua hayakutosha kueleza sababu. Ilibidi aende mwenyewe akatafute mpaka unapopita.

Tarehe 7 Oktoba 1961 Burkitt aliondoka Kampala na madaktari wawili rafiki zake. Mmoja alikuwa Ted Williams wa hospitali ya misheni ya Kuluva, West Nile, ambaye mkono wake ulijua injini ya gari kama ulivyojua kisu. Mwingine alikuwa Cliff Nelson. Gari lao lilikuwa Ford ya mwaka 1954 iliyonunuliwa kwa pauni 250. Walipita Tanganyika, iliyokuwa ikihesabu wiki kufikia uhuru wake, wakateremka Nyasaland, Rhodesia na Msumbiji hadi Afrika Kusini. Kwa wiki 10 walikwenda maili 10,000, yaani kilomita 16,000 hivi, na kuingia karibu hospitali 60. Kila walipofika walionyesha picha na kuuliza: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii?

Majibu yakajipanga kwa mwinuko wa ardhi. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kadiri walivyokwenda kusini mpaka ulishuka, na kufikia Msumbiji na Swaziland ugonjwa ulikuwa kwenye tambarare za chini tu. Burkitt alidhani amegundua kizuizi cha mwinuko. Aliyemfumbua macho ni Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi Entebbe, mmoja wa watu waliokitambua kirusi cha Zika. Haddow alimwambia kuwa anachopima si mwinuko, ni joto. Ugonjwa haupo pale ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 16 za Selsiasi hivi, wala pale ambapo mvua ni haba. Na Haddow, aliyetumia maisha yake kukimbizana na mbu, alijua ramani ya joto na mvua ni ramani ya nani.

Saratani inayofuata mbu! Mwaka 1961 wazo hilo lilisikika kama utani.

London: ukungu na chupa yenye maji machafu, 1961–1964

Miezi michache kabla ya safari hiyo, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa London likizoni na akatoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex. Waliohudhuria hawakuwa wengi. Miongoni mwao alikaa Anthony Epstein, mtafiti aliyekuwa akichunguza kirusi kinachosababisha saratani kwa kuku. Wakati huo hakuna aliyekuwa ameonyesha kirusi kinachofanya hivyo kwa binadamu. Epstein alisimulia baadaye kwamba kabla mhadhara haujakwisha alikuwa ameshaamua kuacha kazi yake yote nyingine.

Wakakubaliana. Vipande vya uvimbe vya watoto wa Mulago vikawa vinapanda ndege ya usiku Entebbe na kufika London asubuhi. Epstein alivitazama kwa darubini ya elektroni, akavipandikiza kwenye mayai na seli za kila namna. Kwa zaidi ya miaka miwili hakupata kitu.

Tarehe 5 Desemba 1963 ukungu ulifunga uwanja wa London na ndege ikapelekwa Manchester. Mzigo ulipomfikia Epstein siku ilikuwa imekwisha na majimaji ndani ya chupa yalikuwa mavurugu, dalili ya kawaida ya bakteria. Kabla ya kuyamwaga aliweka tone kwenye darubini. Hapakuwa na bakteria. Palikuwa na seli za uvimbe, hai, zikielea moja moja baada ya kutikiswa safarini na kutengana na kipande chao. Zilipokuzwa katika hali hiyo ya kuelea, zikakua. Tarehe 24 Februari 1964 Epstein aliona ndani ya seli hizo chembe za kirusi cha jamii ya hapesi. Mwezi uliofuata yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza matokeo katika *The Lancet*. Kirusi kikaitwa Epstein-Barr, na ndicho cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kisha likaja fumbo. Werner na Gertrude Henle, mume na mke waliofanya kazi Philadelphia, waligundua kwamba kirusi hicho kipo kwa karibu kila mtu mzima duniani. Ulaya na Marekani vijana wanaokipata wakiwa wakubwa huumwa homa ya mitoki, wanapona, maisha yanaendelea. Kama kila mtu anacho, mbona wanaokufa ni watoto wa ukanda wa joto wa Afrika?

Dawa badala ya kisu, 1960–1972

Ningeulizwa nini kikubwa katika habari hii yote, nisingejibu kirusi. Ningejibu wodi.

Burkitt mpasuaji aliujua mwisho wa kisu chake. Kukata taya la mtoto kulimharibu uso na hakukuzuia uvimbe kurudi. Mulago haikuwa na mashine ya mionzi. Kilichobaki ni dawa, wakati ambapo madaktari wengi wa saratani waliamini kuwa dawa hununua wiki chache tu. Joseph Burchenal wa taasisi ya Sloan-Kettering, New York, alipendezwa na ugonjwa huu, na kampuni za dawa zikatoa methotreksati, baadaye siklofosfamidi na vinkristini. Nairobi, daktari Peter Clifford alikuwa akijaribu dawa hizohizo kwa wagonjwa wake.

Leo jaribio kama hilo lingepita kamati za maadili na fomu za ridhaa. Wakati ule daktari wa kikoloni aliamua. Msomaji ana haki ya kukereka, mradi akumbuke pia kwamba mtoto asiyepewa kitu alikuwa akizikwa ndani ya miezi michache.

Dozi za Burkitt zilikuwa ndogo kwa kipimo cha Marekani. Wazazi walikuwa na mashamba na watoto wengine nyumbani, na baadhi walimchukua mgonjwa baada ya sindano moja au mbili. Kwa kanuni za vitabu watoto hao walikuwa wamekufa. Miezi ikapita, na baadhi wakarudi kliniki uso umenywea, uvimbe haupo. Wachache hawakuugua tena kamwe. Saratani iliyosambaa mwilini ilikuwa imeponywa kwa dawa peke yake, jambo lililokuwa na mifano ya kuhesabika duniani kote.

Mwaka 1967 kituo cha tiba ya limfoma kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano wa Makerere na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani. Ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Sebastian Kyalwazi, daktari bingwa wa upasuaji wa Kiganda, alikuwa nguzo ya kuanzishwa kwake. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Mmarekani kijana, John Ziegler. Hapo kazi ikageuka kutoka bahati kwenda kanuni. Walijifunza kwamba uvimbe mkubwa hufa upesi mno baada ya sindano, na takataka za seli zilizopasuka huziba figo, hivyo mtoto anyweshwe na kuongezewa maji kabla ya dawa. Walijifunza kwamba ugonjwa hujificha kwenye ubongo na uti wa mgongo ambako dawa ya mshipani haifiki vizuri, hivyo methotreksati ikachomwa mgongoni. Wafanyakazi wa ufuatiliaji walikwenda vijijini kuwatafuta wagonjwa walioacha kuja. Takriban nusu ya watoto wakaishi.

Mwaka 1972 tuzo ya Lasker ilitolewa kwa kazi hii kwa Burkitt, Burchenal, Ziegler na Victor Anomah Ngu, Mkameruni aliyetibu wagonjwa wa limfoma hiyohiyo Ibadan, Nigeria. Mwaka huohuo Idi Amin aliwafukuza Waasia, Wamarekani wakaanza kuondoka, na Ziegler akawa miongoni mwao. Taasisi ingeweza kufungwa. Haikufungwa, kwa sababu Charles Olweny na wenzake Waganda waliishika katikati ya uhaba wa dawa, mishahara isiyotosha na askari mitaani. Hawa hawatajwi sana katika vitabu vya Ulaya kuhusu Burkitt.

West Nile na Mara, 1972–1982

Fumbo la kirusi na mahali lilitafutiwa jibu nje ya maabara. West Nile, kati ya 1972 na 1974, timu ya mtafiti Guy de-Thé ilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wenye afya, ikaigandisha na kusubiri. Waliougua limfoma baadaye walifuatiliwa hadi kwenye chupa zao za damu ya zamani. Ilionekana kwamba mtoto mwenye kingamwili nyingi sana dhidi ya kirusi, tangu akiwa mzima, alikuwa na hatari ya kuugua iliyozidi ya wenzake mara 30 hivi. Vita vya 1979 vilivyomng'oa Amin viliikuta kazi hiyo ukingoni.

Mshukiwa wa pili alikuwa malaria. Gilbert Dalldorf, aliyefanya kazi Kenya, alikuwa amegundua mapema kwamba ramani ya Burkitt inalalia juu ya ramani ya malaria kali ya mwaka mzima. Hata matobo yakaeleweka: Unguja na Pemba zina joto na mvua za kutosha, lakini malaria ilikuwa imepigwa vita huko, na uvimbe ulikuwa nadra.

Jaribio lenyewe lilifanyika Tanzania, kaskazini mwa mkoa wa Mara, kwa msaada wa hospitali ya misheni ya Shirati. Kuanzia 1977 hadi 1982 watoto wa chini ya miaka 10 waligawiwa klorokwini. Limfoma ilipungua hadi kiwango cha chini kabisa, kisha ikapanda tena vimelea vilipoanza kuizoea dawa. Ingekuwa hadithi nzuri ikiishia hapo. Tatizo ni kwamba ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya klorokwini kugawiwa, na watafiti wenyewe walikiri hivyo. Ushahidi mzito dhidi ya malaria ulikuja kujengwa kwa njia nyingine: malaria ya kila mara huzichochea limfosaiti B zigawanyike ovyo, na kuifanya kinga ya mtoto ishindwe kukibana kirusi alichokipata akiwa mchanga.

Stockholm, Nairobi na jeni iliyohama

Turudi miaka ya sitini: Clifford alikuwa akipeleka vipande vya uvimbe kutoka Nairobi hadi Stockholm, kwa watafiti George na Eva Klein. Mwaka 1967 ilianzishwa seli ya maabara iitwayo Daudi, kutoka uvimbe wa mvulana wa Kiafrika. Inaishi hadi leo. Dawa ya rituksimabu ya limfoma ilipimwa juu yake, na daratumumabu ya saratani ya uboho iliteuliwa kwa sababu ya jinsi ilivyoziua seli za Daudi.

Hukohuko Sweden, mwaka 1972, mume na mke kutoka Bulgaria, Georgi Manolov na Yanka Manolova, waliona kwamba kromosomu 14 katika seli za uvimbe ina kipande cha ziada. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake walionyesha kinakotoka: kromosomu 8. Mwaka 1982 maabara kadhaa za Marekani zilikuta ndani ya kipande hicho jeni ya MYC, inayoiamrisha seli igawanyike. Imehamia ubavuni mwa jeni za kingamwili, ambazo katika limfosaiti B hazizimwi, na sasa nayo haizimiki. Kasi iliyowatisha madaktari wa Mulago ilipata maelezo. MYC yenyewe ilikuwa imejulikana kwanza kupitia kirusi cha saratani ya kuku.

Baada ya Burkitt

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Kwa zoea lilelile la mpenda ramani alianza kampeni ya pili, ya ulaji wa nyuzinyuzi, na watu wengi wa Ulaya wanamkumbuka kwa pumba za ngano kuliko kwa limfoma. Alifariki mwaka 1993. Epstein aliishi hadi 2024, akiwa na miaka 102.

Mwaka 2012 Twalib Ngoma wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na wenzake wa Kenya na Nigeria walichapisha matokeo ya wagonjwa 356. Walitumia siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati, dawa zilezile za miaka ya sitini, wakiwa na dawa za akiba kwa waliougua tena. Baada ya miaka 2, asilimia 62 walikuwa hai. Katika nchi tajiri wanaopona hukaribia 90 kwa 100, kwa dozi nzito zinazofuta chembe nyeupe za damu kwa siku nyingi mfululizo. Mtoto aliye katika hali hiyo anahitaji hesabu ya damu kila asubuhi, chumba chake peke yake, viuavijasumu vikali na damu ya kuongezwa usiku wa manane. Penye upungufu wa hayo, dozi nzito huua wengi kuliko inavyoponya. Ngoma na wenzake walichagua dozi nyepesi kwa kujua.